Wanamtafuta Nishimwe

Bladensburg, 12 Machi 2025

Bwana wangu Gervais,

Mke wako mzee nakusalimu, mjukuu wangu. Umekula? Jibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Anayeniandikia leo si Jaël. Jaël amekwenda Ohio kwa dada yake, anasema huku magari yenye vioo vyeusi yamezidi. Huyu ni mtu mwingine, mtu mwema, ameomba asitajwe jina kwa sababu barua hizi zinafunguliwa njiani. Mimi nasema, yeye anaandika, kisha ananisomea. Nikikosea namwambia aache hivyo hivyo, ujue ni mimi.

Na wewe unayefungua barua ya mtu kabla ya mwenyewe, salamu. Mama yako yu hai? Umempigia simu wiki hii?

Kanisa limetupatia wakili, Mkenya, anaitwa Bilha. Anaongea haraka kama anayekimbia mvua. Anasema wamekuchukua kwa sababu ya ile picha, ulivyosimama na kibao mbele ya ofisi ya serikali pamoja na wale wafanyakazi waliofukuzwa. Picha imezunguka kwenye simu za watu. Nikamuuliza, kwani kusimama ni kosa? Akasema hapana, mama, si kosa. Nikasema, basi atoke. Akanitazama kama unavyomtazama mtoto anayedai mwezi.

Anasema picha hawaitaji popote. Wameandika kwamba tulikuja kama wakimbizi, kadi yako ya kudumu haijatoka, basi wanalitazama upya faili letu. Faili ni kisingizio, anasema. Mimi sijui faili. Ninajua miaka saba uliyowalisha wazee wa watu kwa kijiko.

Siku ile uliyopiga simu kabla haijakatika uliniuliza nani alijua unatokea mlango wa jikoni. Sijui, bwana wangu. Watu wana macho.

Viatu vyako vya kazi vipo pale pale, kimoja kimelala ubavu, sijakigusa. Ninapika chakula kingi kama zamani, nakila siku mbili. Kina ladha ya karatasi, lakini nakila.

Mimi, Séraphine.
Hilo doa jeusi ni dole gumba langu. Wino ni piko la harusi, halitoki upesi, nimekwenda nalo mpaka kanisani.

*

Virginia, 20 Machi 2025

Koko, bibi yangu,

Nimekula. Mkate, na kitu cha njano ambacho hakuna anayekijua jina. Simu zimefungwa kwa bweni letu lote kwa sababu watu wawili walikataa kula. Tutaandikiana tu. Barua yako ilichukua siku saba na ilifika imefunguliwa, kama ulivyosema.

Nikueleze vile ilikuwa. Ilikuwa saa tisa kamili, nimemaliza kazi, nikatoka mlango wa jikoni na mifuko miwili ya takataka. Kule nyuma hapiti mtu, Koko. Hata familia za wazee hawajui kama kuna mlango. Walikuwa wamesimama tayari, watatu, karibu na mapipa. Hawakuniuliza mimi ni nani. Mmoja aliniita Gervais, na akalitamka vizuri kabisa, kama wewe. Miaka saba hakuna Mmarekani aliyewahi kulitamka vizuri. Mtu aliwafundisha.

Nimelala hapa siku kumi na nne nikifikiri. Nani anajua ule mlango? Wazir, jirani yetu wa chini, maana ananingoja pale kila siku na gari yake. Siku ile alichelewa dakika kumi. Nani alinipeleka kwenye ule mkutano? Wazir. Kwa nini yeye hayumo kwenye picha? Kwa sababu yeye ndiye alikuwa ameshika simu akipiga picha. Na jina langu analitamka vizuri, unamjua Mzanzibari na maneno.

Sasa mimi niko ndani, yeye yuko Bladensburg anakunywa kahawa.

Usimwambie neno, yeye wala mkewe Ummu. Wakileta chakula usikile.

Hapa kuna afisa mpole. Anasema wanachotaka ni kujua nani alipanga ule mkutano na nani alikuwa na mimi. Nikitaja, ninarudi nyumbani. Bado sijasema kitu.

Wako,
Gervais

*

Bladensburg, 29 Machi 2025

Bwana wangu,

Barua yako imesomwa. Aliyeisoma hakuruka mstari hata mmoja. Alipofika mahali pa kahawa aliendelea kwa sauti ile ile, kama mtu anayesoma yaliyoandikwa kwenye pakiti ya chumvi. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe mkononi. Sikujua nikiweke wapi.

Nisikilize. Usimtaje mtu. Nakuambia kama mke wako, na kama mama yako pia, kwa maana nilikuwa vyote. Jina likishatoka mdomoni halirudi. Ukilikimbilia linakwenda mbele yako, linafika kabla yako, linakuta watu wamesimama. Mimi ninajua. Usiniulize ninajuaje.

Bilha ameendesha gari mpaka huko mara mbili. Mara ya kwanza wakamwambia hayumo kwenye orodha. Mara ya pili wakamwambia yumo, lakini siku ya mawakili ilikuwa jana. Hiyo jana walikuwa wamemwambia aje kesho yake. Akarudi hapa, akakaa kwenye kiti chako, akavua viatu. Anasema alisomea sheria miaka saba. Nikampa uji.

Kanisani viti vitupu vimekuwa vingi. Mchungaji anasema tuje kwa makundi madogo, na asiyeweza aimbe nyumbani. Wanaokuja wanakaa karibu na mlango wa nyuma. Hakuna anayesema anaogopa. Wanasema wana kikohozi.

Juzi nilishika sufuria ya moto kwa mkono mtupu. Nilijua nimeungua baada ya kuona ngozi imevimba. Usihangaike, haiumi. Hicho ndicho ninachokuambia, kwamba haiumi.

Kula kile cha njano.

Mimi, Séraphine. Na dole langu.

Gervais, mistari hii Bibi hakuisema. Anadhani naandika anwani. Ninayemwandikia na kumsomea ni mimi, Ummu, mke wa Wazir. Sikutaka jina letu liwemo katika barua zinazofunguliwa. Umeshaliandika mwenyewe, na anayezifungua pengine hajui Kiswahili, lakini jina halihitaji mkalimani. Wazir siku ile alichelewa kwa sababu nilimtuma samaki Silver Spring. Chakula tutaendelea kumletea Bibi na atakula, kwa sababu hana mwengine. Na nitaendelea kumwandikia. Ukitaka kunitukana, nitukane kwa hati inayosomeka.

*

Virginia, 5 Aprili 2025

Koko,

Nimesoma mistari ya Ummu. Kwetu tunajua, aliyewasha moto ndiye wa kwanza kuleta maji. Eti samaki.

Tarehe 14 ninaitwa ofisini. Yule afisa mpole amesema ni jina moja tu, dakika tano, halafu karatasi zangu zinaanza kutembea. Nimekaa na jambo hili siku tatu. Sikiliza, sina hasira tena. Ningekuwa na hasira ungesema ni kijana, itapita. Nimechoka tu. Jina la Wazir ninaliona kama mlango ambao mtu mwingine ameuacha wazi.

Nitawapa.

Gervais

*

Bladensburg, 9 Aprili 2025

Gervais,

Leo sikuiti bwana. Utaniita wewe unavyotaka ukishamaliza kusoma. Bilha ataituma barua hii kwa njia ya haraka. Sijui kama itakuwahi.

Ni mimi.

Siku mbili kabla hawajakuchukua, saa tatu asubuhi, mlango uligongwa. Watu wawili, mwanamke na mwanamume, nguo za kawaida, wamependeza. Ile karatasi nyekundu uliyoibandika mlangoni, ya kusema tusifungue mpaka waonyeshe karatasi ya jaji, mimi naona rangi nyekundu tu, unajua hivyo. Wakanionyesha karatasi. Karatasi ni karatasi. Nikafungua, nikasema karibuni.

Mgeni haulizwi kabla hajakaa. Niliwapa chai, niliwapa viazi vitamu. Mwanamke alikuwa na simu inayosema Kiswahili, kile cha redioni. Kisha akatoa ubao wenye karatasi iliyobanwa, na kalamu imefungwa kwa kamba. Simu ikasema, ni watu wangapi wanaishi katika nyumba hii.

Gervais, nilipouona ule ubao sikuwa tena Bladensburg. Nilikuwa kambini Kigoma. Wewe ulikuwa mdogo lakini unakumbuka. Mwenye ubao akipita na usipotaja watu wako wote, mwezi ule wasiotajwa hawana mahindi, hawana maharage, hawana mafuta. Mama Silvanus alikuwa kisimani walipopita, akarudi akaambiwa nyumba yake ina watu wawili, na walikuwa sita. Asiyehesabiwa hali. Hiyo ndiyo shule yangu yote.

Basi nilisimama. Hakuna aliyeniambia nisimame. Nikanyoosha mgongo kama kwenye foleni nikawataja watu wa nyumba yangu, kwa mpangilio wetu ule ule. Nilipofika kwako simu ikasema, mbona hayupo? Nikaona wanakukata kwenye orodha. Nikasema yupo, msimwandike hayupo, yupo kazini, nyumba ya wazee Silver Spring, anatoka saa tisa, mlango wa jikoni, nyuma, kwenye mapipa. Mkitaka kumwona kwa macho nendeni. Yule mwanaume akajaribu kulisema jina lako akalivunja. Nikamrudisha. Nikamfundisha mpaka akaliweza, ili wasije wakaandika mtu mwingine.

Wakashukuru. Mwanamke aliosha kikombe chake mwenyewe. Nikasema moyoni, huyu amelelewa.

Nilikaa nikifurahi siku mbili.

Sikukuambia kwa sababu niliogopa hutaniita tena mke wako. Ulipoanza kusema Wazir, nilinyamaza. Unajua mimi si mtu wa kunyamaza. Nimemwacha mtu akalaumiwa, na mkewe akanisomea lawama hiyo kwa mdomo wake, nikinywa chai yake.

Ummu anaandika haya sasa hivi. Hajanitazama. Ameuliza tu kama nataka kupumzika. Nimemwambia hapana.

Usimtaje Wazir. Ukitaka kutaja mtu, nitaje mimi. Nitaje vizuri, ujuavyo.

Séraphine

*

Virginia, 15 Aprili 2025

Koko, mke wangu,

Kama umenitumia barua bado haijafika. Nakuandikia kwanza, nikiwa bado ninakumbuka kila kitu.

Jana nilikwenda. Chumba kina meza na saa ya ukutani inayochelewa. Afisa mpole akaniletea maji. Nikafungua mdomo kusema. Nilikuwa nimefika kwenye W, Koko, midomo ilikuwa imeshakaa. Yeye akawa anageuza karatasi zake kutafuta kalamu, na nikaona moja imeandikwa kwa mkono. Niliisoma kichwa chini miguu juu.

Séraphine, bibi, hajui kusoma. Gervais, mjukuu. Nishimwe, mjukuu, miaka tisa, mpole, anaogopa radi.

Hakuna mtu duniani anayemhesabu mdogo wangu Nishimwe isipokuwa wewe. Na hakuna anayesema anaogopa radi, maana wengine wote waliomjua wamesahau hata hilo. Nilisikia sauti yako ikitoka kwenye karatasi ya serikali. Nikakuona umesimama wima.

Nikafunga mdomo. Afisa akasema, ulikuwa unasema nini? Nikasema nilitaka kupiga chafya.

Basi hakuuliza tena juu ya mkutano. Aliuliza juu ya Nishimwe. Faili la kambi linasema alikuwepo mpaka mwaka 2015, kisha wewe ukasema amekwenda kwa shangazi. Sasa wewe mwenyewe umewaambia anaishi Bladensburg na bado ana miaka tisa. Wanasema kuna mtu tumemficha. Nikawaambia amekufa, mwaka 2013, kwa malaria. Wakasema leta cheti cha kifo. Nikasema hakuna. Wakasema mtu asiye na cheti cha kifo yu hai.

Wanamtafuta Nishimwe, Koko. Wamepeleka watu mpaka shule mbili za pale. Afisa anasema siku nitakayosema alipo ndiyo siku nitakayotoka.

Hasira ningekuwa nayo ningekutumia kidogo, ujue kwamba niko mzima. Nimeitafuta, sijaiona. Ulifanya vile ulivyotufanyia miaka yote, na ndiyo maana niko hai kufungwa. Wewe bado mke wangu. Mwingine nitamtoa wapi?

Ummu, najua ni wewe unayesoma. Mstari huu usome polepole: nisamehe, wewe na Wazir. Alikuwa mdomoni mwangu. Mtu asikudanganye kwamba nilimwacha kwa wema. Nilikatizwa.

Gervais

*

Bladensburg, 30 Aprili 2025

Bwana wangu,

Ummu aliusoma ule mstari polepole. Kisha akaenda jikoni, akafungua maji ya bomba, akayaacha yatoke kwa muda bila kuosha kitu. Aliporudi akasema, mwambie samaki walikuwa changu, na walikuwa wameshaharibika. Wazir amenunua balbu akabadilisha ile ya ngazini kwetu.

Sasa ya Nishimwe.

Bilha alikuja na mwanamke mwenye muhuri. Akaniambia, mama, ukisema kweli hii, unakiri kwamba uliwadanganya kambini na uliwadanganya wale wa safari waliowaleta Marekani. Watu hawa wanaweza kukugeukia hata wewe, wakachukua kadi yako. Nikamwambia waichukue, picha yenyewe imenitoa kama nguruwe mwitu. Hakucheka. Akasema, mama, sitanii. Nikamwambia, mimi nacheka kwa sababu ukinitazama utaona sina kingine cha kufanya na huu uso.

Nikasema yote. Kwamba alikufa wakati wa mvua, siku ya tatu ya homa, zahanati ikiwa na foleni mpaka barabarani. Kwamba tulimzika alfajiri, mimi na wewe na jembe la kuazima. Kwamba hatukufanya matanga, kwa sababu matanga yana watu, na watu wana midomo, na mwenye ubao angesikia. Kwamba jina lake nililiacha kwenye kadi miaka miwili. Tulikula mahindi ya Nishimwe, Gervais. Wewe ulirefuka kwa mahindi hayo. Bilha akauliza kama aandike hivyo. Nikasema, andika hivyo hivyo.

Na kwa nini nimemtaja tena mwaka huu, wakati hapa hakuna mwenye kugawa mahindi? Hilo nalo aliuliza. Ulimi ukifika kwako hauwezi kusimama, unakwenda mpaka kwake. Sijawahi kuhesabu watu wangu nikaishia wawili.

Nikatia dole gumba. Mwenye muhuri akagonga muhuri. Basi, Nishimwe amekufa sasa, kisheria, katika jimbo la Maryland.

Siku ya pili Ummu alitandika mikeka hapa sebuleni bila kuniuliza. Watu wa kanisa wakaja, wale wa kikohozi. Majirani Waislamu wakaja. Wazir alikaa mlangoni kupanga viatu. Wakakaa na mimi siku nzima, kwa mtoto ambaye hawakumjua, miaka kumi na miwili baada ya siku yake. Kilio nilikingoja. Hakikuja. Mama mmoja wa Beltsville alilia kwa niaba yangu, analia vizuri, nikamshukuru.

Jaji atasikiliza tarehe 12 Mei. Bilha anasema karatasi yetu ina nguvu. Kwamba waliingia bila idhini ya jaji, na mtoto wanayemtafuta yuko kaburini, na ulichofanya wewe ni kusimama tu.

Kula.

Mimi, Séraphine. Dole hili ni lile lile lililomzika.

*

Texas, 24 Mei 2025

Koko,

Anwani imebadilika, kama unavyoona.

Barua yako ya Aprili tarehe tisa imenifikia jana, imezunguka Virginia na Louisiana. Nimeisoma. Nilikuwa nimeshajua, lakini hapo pa kumfundisha yule mtu jina langu sikujua. Nimepasoma mara nyingi.

Tarehe 12 asubuhi waliniamsha wakanifunga mikono, kiuno na miguu, wakatupandisha ndege. Bilha amefanikiwa kunipata hapa kwa simu, dakika nane. Anasema jaji aliamuru niachiwe saa nne asubuhi hiyo. Saa nne mimi nilikuwa juu. Jaji alikuwa ameshaandika hata wiki moja kabla kwamba nisihamishwe. Nilimwambia afisa wa hapa, jaji ameamuru. Si mkorofi, anatafuna tu karanga. Akasema, jaji hana funguo.

Akaendelea kutafuna. Nami nikaona anasema kweli. Hilo ndilo lilinichosha, Koko, kwamba hakuwa anadanganya.

Wewe unasema asiyehesabiwa hali. Hapa tunahesabiwa mara tano kwa siku. Tunasimama kando ya kitanda, anapita mwenye ubao. Wakikosea wanaanza upya, wakati mwingine saa nzima tumesimama. Hakuna aliyewahi kupotea kwenye hesabu yao, na nyumbani hakuna anayejua tulipo.

Juzi waliniuliza tena nyumbani mko wangapi. Sikujibu. Waliandika kwamba nimekataa kujibu.

Gervais

*

Bladensburg, 8 Juni 2025

Bwana wangu,

Bilha anasema jaji ameandika tena, na safari hii ameandika kwa hasira. Amewapa siku saba wakurudishe, wakufikishe mpaka hapa mlangoni, la sivyo mkubwa wao aje mwenyewe kujieleza mbele yake. Zimepita siku nne. Nikamuuliza, na wakikaa kimya? Akasema, basi mama, mimi na wewe hatutajua tena tuko nchi gani. Nikamwambia mimi nimeshawahi kuishi nchi hiyo. Usiku kunapikwa, asubuhi kunafuliwa. Akaniomba uji.

Nikuambie jambo la jana.

Mlango uligongwa. Nilitazama kwenye kile kitundu ulichonitobolea. Msichana, kitambulisho shingoni, viatu vya kutembea sana, na ubao mkononi. Akasema maneno yake. Kisha akaweka simu yake karibu na mlango, na simu ikauliza kwa kile Kiswahili cha redioni, ni watu wangapi wanaishi hapa.

Mwili ulitaka kusimama wima. Niliukalisha chini. Nilikaa sakafuni, mgongo kwenye mlango, nikasema, hapa hakuna mtu.

Simu ikauliza, na wewe, mama?

Nikasema, hata mimi simo.

Akasukuma karatasi chini ya mlango, akaenda zake. Niliisikia miguu yake ikishuka, akagonga mlango wa Ummu, na Ummu naye hakufungua. Baadaye akapanda kunisomea. Alikuwa mtu wa kuandikisha wapiga kura, anamtafuta Ummu, maana Ummu amekuwa raia tangu mwaka jana. Ummu akaikunja ile karatasi, akaitia kifuani, akasema atakwenda mwenyewe ofisini kujiandikisha, Wazir apende asipende. Alikuwa ameinua kidevu. Sikumwambia aende wala asiende. Yeye bado anaweza kusimama mbele ya ubao. Mimi na ubao tumeachana.

Chakula napika cha wawili sasa. Nimejifunza.

Wakikurudisha, sijui itakuwa saa ngapi, wala kama watakuleta hapa au watakuacha barabarani. Nimemwambia Wazir asizime simu. Lakini sikiliza, hili ndilo ninalotaka usome mara mbili. Funguo zako wanazo wao. Usibishe hodi. Mtu akibisha hodi mimi sifungui, hata akilisema jina lako vizuri, kwa sababu nililifundisha mwenyewe.

Simama tu mlangoni useme, Nishimwe.

Sema kwa sauti ya kawaida, kama unayemwita ndani aje kula. Nitakuwa pale pale chini, nyuma ya mlango. Nitafungua.

Mke wako,
Séraphine